Jina la Kwenye Kipande

Babu yangu mzaa baba aliishi miaka zaidi ya hamsini kwa jina la kaka yake. Alilichukua mwaka 1950, kule Kibondo, kwa sababu ya blanketi moja na kianzio cha mshahara kilichokwisha kutumika. Akaja nalo mpaka Korogwe, akalikatia mkonge, akalioelea, akalilipia kodi, akalipigia kura, na ndilo jina la mwisho ninaloandika mimi kila ninapojaza fomu. Alifariki mwaka 2003. Tangu hapo nimekuwa nikikusanya habari zake kwa watu waliomjua. Naziandika sasa kwa kuwa watu hao wanapungua, na kwa kuwa historia ya mkonge wa Tanzania, kila niisomapo, ina majina ya wenye mashamba na hesabu za tani, lakini waliokata mkonge wenyewe hawamo. Babu yangu alikuwa na majina mawili, na yote mawili hayamo.

Wasimulizi wangu wakuu ni watatu. Wa kwanza ni bibi, aliyemfuata babu kaburini baada ya miaka michache. Wa pili ni shangazi yangu mkubwa, ambaye yu hai na bado ana sauti ya kuamuru. Wa tatu ni mzee wa Kimakonde tuliyemwita babu vilevile, ingawa hatukuwa na damu naye. Hawakubaliani katika mambo mengi. Pale wanapopishana nitasema, na pale ninapomwamini mmoja kuliko mwingine nitasema kwa nini.

Alizaliwa Buha, upande wa Kibondo, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Tunaukadiria kwa ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi wa Kibondo kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika porini, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o wakose kivuli. Babu alikumbuka kubebwa mgongoni siku ya kuhama, tena alikumbuka mbuzi mweupe aliyegoma kutembea. Kwa hiyo tunasema alikuwa na miaka minne au mitano.

Baba yake alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilibaki kule kule walikohamishwa, kwenye pori lililokatazwa, na kila msimu alirudi kwa siri kuirina. Mwanawe alipopata miguu ya kutosha alikwenda naye. Kazi ya mtoto ilikuwa kuhesabu. Walichuna gome la mti, wakasokota kamba, na kwa kila mzinga waliourina mtoto alifunga fundo moja. Mzinga uliokuwa mtupu ulifungiwa fundo la namna nyingine. Wakirudi nyumbani, mama alishika kamba ile na kujua mavuno yote kabla hajaambiwa neno. Mafundo haya yatarudi katika habari hii, maana babu alikuja kuyategemea mbele ya watu wasioyajua.

Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na Kibondo ya wakati ule haikuwa na zao la biashara la maana la kuileta. Asali na nta zilileta kidogo. Fedha ilikuwa Tanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, kwenye mashamba ya mkonge. Kijana wa Buha alipofikia umri wa kutozwa kodi alikuwa amekwisha kuzisikia nyimbo za waliorudi, ameziona baiskeli zao na mashati yao, na amehesabu pia wale ambao hawakurudi.

Aliyekwenda kuandikwa alikuwa kaka yake. Wenye mashamba walikuwa wameanzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua mwaka 1944, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na waandikishaji wake walifika mbali sana magharibi na kusini mwa nchi. Kaka akapimwa, akaonekana mzima, akaandikwa, akapewa blanketi na kianzio. Kianzio kililipa kodi ya baba yao siku ileile. Blanketi akafunikwa nalo mama, aliyekuwa na homa.

Hapo ndipo mama alipopiga hesabu yake. Mume wake alikuwa ameanza kupoteza macho. Mtoto wa kwanza ndiye aliyejua mipaka ya shamba, madeni, na watu wa kuwaendea wakati wa njaa. Akiondoka huyu, nyumba inalala. Lakini fedha ya watu imekwisha kuliwa, na blanketi lina jasho la mgonjwa. Alfajiri ya siku ya lori alimwamsha yule mdogo, akamfungia viazi na maboga ya kuchemsha, akamwambia maneno ambayo babu aliyarudia kwetu kwa Kiha na kisha kwa Kiswahili: wakiita jina la kaka yako, itika. Karani akasoma orodha, jina likaitwa, babu akaitika. Akaendelea kuitika mpaka anazikwa.

Shangazi husema babu alilia njia nzima. Bibi alikataa kabisa. Alisema mume wake alimwambia kwamba alifurahi, kwamba alikuwa kijana wa pili katika nyumba isiyo na ng'ombe wa kutosha hata kwa mahari ya kaka yake, na kwamba lori lile lilikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa mbele yake. Nadhani yote mawili yalitokea, na kila mwanamke alichukua lile alilolihitaji.

Ni vizuri kusema kwa nini lori lilimfuata mtu mpaka Kibondo. Mkonge si mmea wetu wa asili. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi kutoka Florida, Marekani. Vingi vilikufa njiani, na 62 tu ndivyo vilivyofika Tanga vikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hivyo ikatoka bahari ya mkonge iliyojaa kuanzia Tanga hadi Korogwe na kuendelea, ikafuata reli kwenda Kilimanjaro, ikashuka mpaka Morogoro na Lindi. Vita vya Pili vya Dunia vilipowanyang'anya Waingereza nyuzi za Ufilipino na Java, mkonge wa Tanganyika ukawa roho ya kamba zao. Babu alipofika, vita vya Korea vilikuwa vikiirusha bei juu. Mashine ya kukamua majani ilikuwepo, lakini jani lilikatwa kwa kisu mkononi mwa mtu, moja moja. Wazigua, Wasambaa na Wabondei, wenyeji wa pale, walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haja ya kujifunga kwa mkataba. Ndipo wakatafutwa Waha, Warundi, Wabena, Wangoni, na Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Wote wakaitwa manamba.

Tulipokuwa watoto tulidhani babu alikuja kwa treni mpaka Korogwe, kwa kuwa stesheni ilikuwa pale pale tukiiona. Alitusahihisha kila mara, tena kwa ukali. Reli ya Kigoma na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa wakati ule. Reli ya kati iliwabeba kupitia Tabora na Dodoma, ikawashusha, kisha wakasimamishwa nyuma ya malori siku nzima katika vumbi mpaka wakaiona milima ya Usambara upande wa pili wa bonde. Alitaka tujue kipande hicho cha njia kilikuwa cha barabara. Nafikiri alikuwa analinda ukweli wa kitu ambacho wenzake wengi walikufa bila kuulizwa.

Shamba alilopelekwa lilikuwa karibu na mto Pangani. Nyumba za kambi zilipangwa kwa mstari, na watu waliziita laini. Jumapili kila laini ilikuwa na ngoma yake, na mtu angeweza kutembea kutoka Songea hadi Burundi kwa masikio tu. Jumatatu alfajiri kengele ilipigwa kwa kipande cha chuma cha reli.

Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kadi hiyo ndiyo iliyoitwa kipande. Ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, nazo zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42. Siku ilihesabiwa pale tu mtu alipomaliza kazi aliyopangiwa, yaani idadi ya mafungu, kila fungu likiwa na majani 30 yaliyofungwa. Asiyemaliza mafungu yake, jasho la siku hiyo halikuandikwa. Kwenye kipande cha babu, juu, lilikuwa jina la kaka yake.

Wiki za kwanza hakumaliza. Jani la mkonge lina mwiba mgumu kwenye ncha, na maji yake huwasha ngozi mpaka mtu akajikuna usingizini. Aliyemwokoa ni yule Mmakonde, aliyekuwa laini ya pili. Yeye mwenyewe alinionyesha, akiwa mzee sana, kwa fimbo na mgomba. Unaanza kwa kukata miiba ya mmea mzima kabla hujagusa jani, ili uwe na nafasi ya kuingiza bega. Majani ya ndani yaliyosimama huyagusi, nyapara akiona umeyagusa siku yako imekwenda. Unakata ya nje kwa kuvuta kisu kuelekea kwako, usipige. Ukipiga unachoka kabla ya saa nne. Unaweka chini yote ya mstari mzima, ndipo unarudi kufunga. Babu alikuwa akikata na kufunga papo hapo, mmea kwa mmea, na kila kuinama na kuinuka kulimla mgongo. Walikuwa hawana lugha moja. Kiswahili walijifunzia pale, wote wawili kwa pamoja, na mpaka uzeeni walizungumza kwa namna ya peke yao ambayo sisi wajukuu tuliielewa na wageni hawakuielewa.

Majani yalipakiwa kwenye matoroli ya reli ndogo mpaka korona, mashine iliyoyaponda kwa kelele na maji mengi. Katika jani zima kilichobaki kuwa singa kilikuwa kidogo mno, sehemu tano hivi kwa mia. Zilizobaki zote zilikuwa maji na makapi yenye harufu kali. Singa zilianikwa kwenye kamba za waya, nyeupe, ekari kwa ekari, kisha zikapelekwa kwenye brashi na kufungwa marobota. Harufu ya makapi yale ndiyo harufu ya utoto wa baba yangu.

Sasa yale mafundo. Babu hakujua kusoma. Kila siku aliyomaliza mafungu yake alifunga fundo kwenye uzi wa singa alioutundika juu ya kitanda. Katika mwaka wake wa pili kipande chake kilipofungwa, karani alisoma siku 28. Uzi ulikuwa na mafundo 30. Babu akauchukua uzi, akaenda nao ofisini.

Shangazi anasimulia kwamba mzungu wa shamba aliuhesabu ule uzi mbele ya watu na kumwamuru karani ampe mtu siku zake. Hadithi hii inapendwa sana katika ukoo wetu na nimeisikia ikisimuliwa harusini. Bibi aliisikiliza kimya miaka yote, mpaka siku moja nilipomuuliza tukiwa wawili. Alisema hakuna aliyeuhesabu. Karani aliutazama, akacheka, akautupa kwenye pipa la takataka, na babu akazirudia siku zake mbili shambani kabla ya kulipwa. Namwamini bibi, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kueleza kilichofuata: jioni ileile babu alikwenda kwa Mbena mmoja aliyesoma kidogo misheni, akamwomba amfundishe kusoma. Walisoma kwa koroboi, kwenye karatasi za mifuko ya unga. Mtu aliyeshinda kwa uzi asingehangaika na kalamu. Kuanzia hapo alikuwa na daftari, na madaftari hayo, tisa kati yake, ninayo. Mafungu ya kila siku yameandikwa kwa mwandiko mkubwa unaopanda juu kuelekea ukingo wa kulia.

Fedha zilipoanza kupatikana alitaka kuzituma nyumbani kwa hawala ya posta. Zilipaswa kwenda kwa kaka yake, aliyebaki na wazazi. Mtu wa posta akaangalia jina la mtumaji, akaangalia la mpokeaji, akauliza kama mtu anaweza kujitumia mwenyewe. Babu hakuweza kueleza bila kufichua kwamba aliitika jina lisilo lake, na kwa jambo hilo aliogopa jela. Suluhisho lilitoka kwa Mmakonde: wataandika jina lake yeye kama mtumaji. Ikawa hivyo kwa miaka. Fedha zilifika Kibondo mara mbili au tatu kwa mwaka, kutoka kwa mtu wa kabila la mbali ambaye hakuna aliyemjua. Kule nyumbani watu walikaa, wakafikiri, wakapata maana moja tu inayoingia akilini: mwenyewe amekufa, na rafiki yake mwaminifu anatimiza wosia. Wakamlilia. Mama yake aliweka matanga ya mtoto ambaye wakati huohuo alikuwa Korogwe akichumbia.

Alikuwa akichumbia binti wa Kizigua aliyekuja kambini siku za malipo kuuza mihogo ya kuchemsha na ndizi. Bibi hakunificha kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwa kumwongezea muhogo mmoja kila mara bila kumtazama. Baba yake hakutaka kusikia. Kwa wenyeji manamba alikuwa mtu asiye na kwao, mtu ambaye mkataba ukiisha hupanda lori na kumwacha mtoto wa watu na mimba. Alipokuja mshenga, yule Mmakonde, na yule Mbena akiwa amesimamishwa kama mjomba, mzee aliuliza ukoo wa kijana huyu ni upi na nani amewahi kuiona nyumba ya baba yake. Hakuna aliyeweza kujibu.

Babu aliomba ruhusa ya kutundika mzinga kwenye mti mkubwa wa mkwe, kando ya kijito. Hakuahidi kitu. Alichonga gogo mwenyewe Jumapili mbili tatu, akalipaka nta ndani kama alivyofundishwa, akalitundika, akaondoka. Nyuki waliingia kabla ya vuli. Mzee wa Kizigua alikuwa na mizinga yake pia, na alijua kwamba kazi ile haifanywi na mtu aliyelelewa ovyo. Kulikuwa na baba nyuma yake. Walioana mwaka 1955, babu akiwa amesilimu, na sheikh akamuuliza jina la zamani ili ampe jipya. Alitaja lile la kwenye kipande. Hata mbele ya sheikh hakulitaja lake. Ila usiku ule alimwambia bibi jina alilopewa na mama yake, na bibi ndiye pekee aliyemwita hivyo, ndani, kwa miaka arobaini na minane. Sisi wajukuu tulilisikia na tukadhani ni jina la mapenzi.

Miaka ya 1958 na 1959 migomo ilienea katika mashamba ya mkonge. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho Victor Mkello alikuwa kiongozi wake mkubwa, kiliwafikia watu ambao kabla ya hapo hawakuwahi kukaa kikao kimoja, laini ya Waha na laini ya Wangoni. Babu hakuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa daftari: nani ana watoto wangapi, nani hana unga, nani amepewa kibaba na anadaiwa na nani. Mmakonde alinieleza kwamba watu walikuwa wakija usiku kuhakikisha wameandikwa, si kwa ajili ya unga tu. Walitaka kuona jina lao limeandikwa na mtu wao. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya mgomo ule, na nimewasikiliza wengi.

Mgomo uliwafundisha jambo moja gumu: nyumba ni ya shamba, na ukigoma umegoma ndani ya nyumba ya unayemgomea. Mwaka uliofuata babu alihamia kwenye ardhi ya mkwe wake, karibu na ule mti wa mzinga, akajenga kwa milingoti, ile miti mirefu ambayo mkonge huitoa mara moja tu katika maisha yake kabla ya kufa. Aliendelea kwenda shambani kila alfajiri, lakini alikuwa anatoka kwake.

Mwaka 1963 reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa, na kwa mara ya kwanza mtu wa Korogwe aliweza kupanda behewa na kufika Kigoma bila kukanyaga lori. Babu alikwenda mwaka 1964, pamoja na shangazi aliyekuwa na miaka minane. Hapa shangazi ndiye shahidi pekee, na hapa namwamini neno kwa neno, kwa sababu anaposimulia huacha kuamuru.

Walifika Kibondo jioni. Kaka yake alikuwa uani akikarabati zizi. Babu alisimama mbali, akaita jina lake mwenyewe, lile la kuzaliwa, kama anayebisha hodi. Kaka hakugeuka. Aliita mara ya pili. Mwanamke mmoja akakimbia. Kaka akageuka, akamwona mtu aliyekwisha kuombolezwa, amevaa kanzu, ameshika mkono wa mtoto wa kike, akakaa chini pale pale katika mavi ya ng'ombe. Wazazi walikuwa wamefariki wote wawili. Mama alikuwa amezikwa na blanketi lile.

Siku ya tatu kaka alilitoa lililokuwa moyoni. Fedha zote zilinunua ng'ombe, na ng'ombe wale ndio waliomwolea mke. "Nilijua umekufa," alisema. "Nimeoa kwa jasho la maiti." Alitaka baraza la wazee likae, litaje deni. Babu alikataa baraza. Shangazi anakumbuka jibu lake kwa sababu lilimfanya yule mkubwa alie: alisema kwamba kwa miaka kumi na minne ametumia jina la mtu bila kulipa chochote, na kama kuna baraza la kukaa likae kwa ajili ya hilo kwanza. Hawakukaa. Walikwenda pamoja kwenye pori la zamani, lililokuwa limefunguliwa, wakakuta mizinga miwili ya baba yao bado iko juu ya miti.

Mwaka huo huo wa 1964 Tanzania ilivuna mkonge kuliko wakati wowote, tani zipatazo 230,000, nchi ya kwanza duniani. Babu hakujua kwamba ndicho kilele. Kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni Ulaya na Marekani, na bei ikaanza kuporomoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua mashamba mengi, likiwemo lake, na siku ya kutangaziwa wafanyakazi walicheza ngoma zote za laini zote kwa wakati mmoja. Yeye aliamini kabisa jambo lile, na hakuacha kuliamini hata mambo yalipokwenda kombo. Aliondolewa kukata akawekwa kuhesabu mafungu ya wengine. Baba yangu anakumbuka usiku mmoja wa mvua babu alipotoka na taa kurudi shambani, kwa kuwa kijana mmoja alikuwa amepungukiwa mafungu mawili na kuapa kwamba aliyafunga. Aliyakuta, yamesombwa na maji hadi mtaroni. Alirudi amelowa, akaandika kwenye daftari lake kwanza, ndipo akabadili nguo.

Korona ilinyamaza katika miaka ya 1980. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa tani 20,000 hivi. Pori lilimeza laini, na babu akabaki na mizinga yake kumi na minne, ambayo hakuihesabu kwa daftari.

Alipofariki, watani wa Kizigua walifanya kazi yao ipasavyo. Mmoja, mzee mwenyewe, alivaa koti la marehemu, akachukua kisu kikuukuu, akatangulia msafara wa mazishi akikata mkonge usiokuwepo, akivuta kisu kuelekea kwake, akiinama kwa ule mgongo tuliokuwa tukiujua. Kisha akaruka ndani ya kaburi na kusema huyu hazikwi, huyu si mwenye jina, mwenye jina yuko Kibondo anakula ugali, leteni mwenyewe kwanza. Watu walicheka huku wakilia. Tukamlipa kuku na elfu mbili ndipo akatoka. Sikuwa najua mpaka siku ile kwamba kijiji kizima kilikuwa na habari ya jina, na kwamba kwa nusu karne hakuna hata mmoja aliyeipeleka ofisini.

Mwenye jina hakuwa akila ugali. Alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla. Lakini mwanawe alifika arobaini ilipokaribia, kwa treni na basi, akiwa na mkoba mmoja. Kwangu ni baba mdogo, nami nilimwamkia hivyo. Baada ya hitma aliomba kusema. Alisema baba yake hakuwahi kukubali kwamba deni halipo. Mwaka 1964, wiki ileile mdogo wake alipopanda treni kurudi, alitenga mtamba mmoja na kumtangaza mbele ya majirani kuwa ni wa ndugu yake wa Korogwe. Ndama wake wakatengwa, na wa ndama. Wengine walikufa kwa maradhi, wawili waliuzwa mwaka wa njaa na kurudishwa baadaye. Alitoa karatasi mkobani, akatusomea: walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na rangi yake na jina la mama yake.

Baba yangu na shangazi walishauriana chumbani kwa bibi kwa muda mrefu. Walipotoka walisema ng'ombe wabaki Kibondo chini ya baba mdogo, ila kila mwaka auzwe mmoja kwa ajili ya ada ya shule ya mtoto yeyote wa pande zote mbili atakayekuwa amekwama. Mimi nilipewa kazi ya kuandika makubaliano hayo, nakala mbili. Pale pa jina la mwenye ng'ombe niliuliza niandike lipi. Bibi, aliyekuwa eda, alinijibu kutoka nyuma ya pazia; akalitaja lile la kuzaliwa kwa sauti mbele ya watu wote, nami nikaliandika.